Nilianguka NCLEX nikiwa nimefika swali la 150. Nibadilishe nini?

SWALI: Mwalimu, mimi ni muuguzi wa KRCHN (muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa Kenya) mwenye miaka tisa kazini, kwa sasa niko wadi ya upasuaji katika hospitali moja hapa Nairobi, mara nyingi zamu ya usiku. Nilifanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya wauguzi waliosajiliwa (RN) wa Marekani, nikaanguka. Kompyuta ilinipeleka hadi swali la 150. Ripoti yangu inasema niko chini ya kiwango katika usimamizi wa huduma na katika dawa, niko juu katika ukuzaji wa afya, na kwingine kote niko karibu na kiwango. Kitabu cha marudio nilikisoma chote, mara mbili. Nataka kurudia baada ya miezi mitatu. Ninunue kitabu kingine? Nilipie darasa la mjini? Na hiyo 150 ina maana gani?

JIBU: Dada, nianze na hiyo 150, maana ndiyo habari njema katika barua yako.

Kompyuta ya NCLEX haina karatasi moja iliyopangwa kwa watahiniwa wote. Ukijibu vizuri inakuletea swali gumu zaidi, ukikosea inakushusha kidogo, na baada ya kila jibu inakadiria upya uwezo wako na kuulinganisha na mstari wa kupita. Mstari huo, unaopimwa kwa kipimo cha uwezo kiitwacho logiti, ulipandishwa hadi 0.00 mnamo Aprili 2013. Kuanzia swali la 85 kompyuta inaweza kusimama wakati wowote ikiwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au chini yake. Isipopata uhakika huo inaendelea kukuuliza, na ikifika 150 inaacha kutafuta uhakika na kuangalia tu makadirio ya mwisho yameangukia upande gani. Aliyeanguka kwenye swali la 85 alikuwa mbali. Wewe ulikuwa unaugusa mstari. Huna haja ya kubomoa nyumba, ziba tu panapovuja.

Kwa sababu hiyohiyo, ugumu wa maswali siku ile usikutishe. Kompyuta hulenga kukupa maswali ambayo nafasi yako ya kuyapata ni karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo hata waliopita hutoka chumbani wakidhani wameangamia. Tena maswali 15 kati ya uliyofanya yalikuwa ya majaribio tu, hayahesabiwi, na hakuna namna ya kuyatambua. Ukikutana na swali la ajabu kabisa, lijibu upite.

Sasa ripoti. Mpango wa mtihani ulioanza kutumika Aprili 2023 unaupa usimamizi wa huduma asilimia 15 hadi 21 ya maswali, na dawa pamoja na tiba za kupitia mshipa asilimia 13 hadi 19. Jumlisha uone: sehemu zako mbili dhaifu ni kati ya asilimia 28 na 40 ya mtihani mzima. Ukuzaji wa afya, ambamo ujauzito, uzazi na mtoto mchanga vina nafasi kubwa, ni asilimia 6 hadi 12 tu. Hapo uko juu, na si ajabu, maana mafunzo ya KRCHN yanakutoa ukiwa mkunga. Usirudi kusoma uzazi kwa sababu unaupenda. Watu wengi hutumia wiki nzima kwenye mada wanazozijua kwa kuwa zinawapa raha.

Kitabu kingine hakitakusaidia. Muuguzi wa miaka tisa aliyesoma kitabu kizima mara mbili akagota kwenye mstari hakosi maarifa. Tatizo ni kwamba anajibu akiwa bado kwenye wadi yake. NCLEX haiulizi ungefanya nini usiku huu hapa Nairobi, ukiwa peke yako na wagonjwa wadi nzima, oksijeni moja na daktari aliye chumba cha upasuaji. Inauliza muuguzi aliyemaliza shule juzi afanye nini katika hospitali ya Marekani ambako kila kifaa kipo, kila mtu yupo kazini na kila agizo limeandikwa. Uzoefu wako una thamani kubwa kwa mgonjwa, lakini katika mtihani huu unakuletea majibu yasiyotakiwa, na inabidi uyajue kwa majina.

La kwanza ni kukabidhi kazi, na bila shaka ndilo lililokushusha kwenye usimamizi wa huduma. Kwetu ndugu wa mgonjwa humwosha, humlisha, na wakati mwingine humpeleka eksirei. Mwanafunzi huchukua presha za wadi nzima. Muuguzi naye hufanya yaliyobaki yote. Katika mtihani kuna ngazi tatu, na mipaka yake ni mikali. Kuna wewe, RN. Kuna LPN, mwenye leseni ya ngazi ya chini. Na kuna msaidizi asiye na leseni. Anza na yale yasiyotoka mikononi mwa RN: tathmini ya kwanza ya mgonjwa, kumfundisha kwa mara ya kwanza, kupanga huduma, kupima kama huduma imefaulu, na mgonjwa yeyote ambaye hali yake inabadilikabadilika. LPN apewe mgonjwa aliyetulia, ambaye kesho yake inatabirika: kufunga kidonda, dawa za kawaida za kumeza, kukumbushia mafundisho ambayo RN alikwisha kuyatoa. Msaidizi amwogeshe mgonjwa, amgeuze, amtembeze, apime mkojo uliotoka, achukue presha na joto la mgonjwa aliyetulia.

Mtego uko kwenye maneno madogo. "Kumlisha mgonjwa" ni kazi ya msaidizi. "Kumlisha mgonjwa wa kiharusi aliyelazwa leo asubuhi" si kazi yake, kwa sababu hujajua kama anameza salama. "Kuchukua presha" ni kazi ya msaidizi, ila si ya mgonjwa aliyewekewa damu dakika kumi zilizopita. Na ndugu wa mgonjwa katika mtihani si mfanyakazi. Jibu linalompa kazi ya uuguzi, au linalomtumia kutafsiri mazungumzo ya matibabu, liondoe mara moja.

La pili ni nani aonwe kwanza. Hapa wauguzi wazoefu huanguka kwa kumfuata mgonjwa anayelia zaidi. Chukua mfano huu. Umepokea zamu na una wagonjwa wanne: mmoja ana siku ya pili baada ya kupasuliwa goti, maumivu 7 kwa 10. Wa pili ana ugonjwa sugu wa mapafu wa kuziba njia za hewa, oksijeni ya damu ni asilimia 90 akiwa kwenye lita 2. Wa tatu alitolewa tezi ya thairoidi jana na sasa anasema midomo inamwashawasha kama sindano ndogondogo. Wa nne ana kisukari, sukari yake ni 250 mg/dL. Nani kwanza?

Wengi hukimbilia yule wa 90, kwa kuwa hewa hutangulia. Lakini kwa mgonjwa wa aina hiyo, asilimia 88 hadi 92 ndicho kiwango kinachotafutwa. Hiyo ni hali yake ya kila siku. Maumivu ya goti siku ya pili yanatarajiwa pia. Sukari ya 250 inahitaji kushughulikiwa, lakini si sasa hivi. Midomo kuwashawasha baada ya kutolewa thairoidi ni dalili kwamba kalsiamu inashuka, huenda tezi ndogo za jirani zimeguswa, na kalsiamu ikiendelea kushuka misuli ya koo hukaza na njia ya hewa hufunga. Huyo ndiye. Kwa hiyo usianze na "nani anaumwa zaidi". Anza na "ni lipi kati ya haya halikutarajiwa kwa ugonjwa huu, na litamuua kwa haraka gani". Njia ya hewa, kupumua na mzunguko wa damu vifuate baada ya swali hilo.

Linalofanana na hilo ni swali la kumpigia daktari simu. Kwetu muuguzi wa zahanati huandika dawa, hushona jeraha, huamua. Mtahiniwa mmoja huchukua mazoea hayo akachagua jibu la kuagiza dawa, ambalo ni kosa. Mwingine, akijua hilo, huchagua "mwarifu daktari" kila mara, nalo ni kosa. Jiulize kama kuna kitu cha usalama ambacho muuguzi anaweza kukifanya mwenyewe kabla ya simu. Mgonjwa anatetemeka na mgongo unamuuma dakika chache baada ya damu kuanza kuingia: simamisha damu kwanza, weka mpira mpya wenye maji ya chumvi ili mshipa ubaki wazi, kisha piga simu. Ukipiga simu damu ikiendelea kuingia, umefeli swali. Lakini kama swali limekwisha kukuambia umemtathmini, umefanya yote yaliyo ndani ya uwezo wako na hali bado inashuka, hapo simu ndiyo jibu.

La tatu litakuuma kidogo: jinsi tunavyozungumza na mgonjwa. "Usijali mama, utapona, Mungu yupo." Katika wadi ni maneno ya utu. Mtihanini ni faraja ya uongo, na ni jibu lililowekwa pale makusudi ulichague. Vivyo hivyo "kwa nini hukunywa dawa?" kwa sababu inamweka mgonjwa kizimbani, na vivyo hivyo kubadilisha mada au kumwambia amuulize daktari. Jibu linalotakiwa hurudisha mazungumzo kwa mgonjwa: linataja hisia alizozionyesha, au linamwomba aeleze zaidi. Na mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeamua kuhusu mwili wake. Mume, mama mkwe au mzee wa ukoo hawamo, na habari zake hawapewi bila idhini yake, hata kama wao ndio walipa bili.

La nne ni uhaba. Mgonjwa wa kifua kikuu unamlaza wapi? Mtihani hautaki kitanda cha karibu na dirisha. Unataka chumba cha peke yake chenye hewa inayovutwa nje, na barakoa ya N95 kwa kila anayeingia. Surua na tetekuwanga ni hivyohivyo. Mafua makali, kifaduro na homa ya uti wa mgongo ya meningokoka ni za matone, barakoa ya kawaida inatosha. Mgonjwa wa kuhara kwa C. difficile, glavu na gauni, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji kwa sababu spiritu haiui mbegu za bakteria huyo. Jibu hilo la mwisho hutokea mara nyingi sana kwenye maswali ya mazoezi, liweke kichwani.

Tuje kwenye dawa. Usijaribu kusoma dawa zote, ni bahari. Soma kwa makundi, na kwa kila kundi jibu mambo manne: nipime nini kabla ya kumpa, nini kikionekana nisimpe, nini kitamdhuru, na nini huizima. Kwa mfano: digoksini, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima kwenye kifua, yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima zuia dozi, kichefuchefu na kuona rangi ya njano ni dalili za sumu, na potasiamu ikiwa chini sumu huja haraka zaidi. Warfarini, angalia INR (kipimo cha kuganda kwa damu), kwa wengi shabaha ni 2 hadi 3, huzimwa na vitamini K. Heparini, angalia aPTT (kipimo kingine cha kuganda kwa damu), huzimwa na protamini. Lithiamu, kiwango cha kawaida ni 0.6 hadi 1.2 mEq/L, ikipita 1.5 ni hatari, na mgonjwa anayetapika au anayepunguza chumvi ghafla hujikuta hapo. Potasiamu ya mshipani haisukumwi kwa sindano kamwe, kwa sababu yoyote ile. Vankomisini ipite kwa angalau dakika 60, la sivyo mgonjwa atawiva wekundu usoni na shingoni. Magnesiamu salfeti unaijua kuliko watahiniwa wengi wa huko: goti lisipojibu kigongo, pumzi zikishuka chini ya 12, mkojo ukiwa chini ya mililita 30 kwa saa, simamisha na uandae kalsiamu glukoneti.

Majina ni kizuizi cha kijinga lakini cha kweli. Katika wadi tunasema Lasix, Flagyl, Panadol, Augmentin. Mtihani kwa kawaida hautumii majina ya biashara, na majina yake ya asili ni ya Kimarekani. Paracetamol kwao ni acetaminophen. Salbutamol ni albuterol. Adrenaline ni epinephrine, pethidine ni meperidine, glibenclamide ni glyburide, lignocaine ni lidocaine. Andika orodha ya dawa zinazotumika kwenye wadi yako, mbele yake jina la Kimarekani, na kila unapoigusa dawa kazini litamke jina hilo moyoni. Wiki mbili zinatosha.

Vipimo pia. Mara nyingi skrini huonyesha mifumo yote miwili, lakini vitabu vingi vya mazoezi hutumia mg/dL peke yake na kukuacha ukikisia. Sukari: zidisha mmol/L kwa 18 upate mg/dL, kwa hiyo ile 250 ya juu ni kama 13.9 tuliyoizoea. Kreatinini: gawa mikromoli kwa 88.4. Kalsiamu: zidisha mmol/L kwa 4. Sodiamu na potasiamu hazibadiliki. Ratili gawa kwa 2.2 upate kilo.

Hesabu za dripu zinatoa alama za bure kwa aliyezoea. Heparini yuniti 25,000 ndani ya mililita 250, agizo ni yuniti 18 kwa kilo kwa saa, mgonjwa ana kilo 70. Chupa ina yuniti 100 kwa mililita. 18 mara 70 ni 1,260 kwa saa. Gawa kwa 100: 12.6 mL kwa saa. Andika tarakimu tu, bila kipimo, na soma agizo la kukadiria desimali kabla ya kuandika, si baada. Watu hupata hesabu na kukosa alama kwa kuandika 13 palipotakiwa 12.6. Fanya tano kila siku, na utumie kikokotoo cha kompyuta badala ya simu, kwa kuwa ndicho utakachopewa.

Kuhusu maswali ya mtindo mpya yaliyoingia Aprili 2023, usiyaogope. Kila mtahiniwa hupata visa vitatu vinavyohesabiwa, kila kimoja kina maswali sita, na maswali hayo hufuata mpangilio uleule: gundua dalili muhimu, zichambue, panga linalowezekana zaidi, fikiria suluhisho, tenda, kisha pima kama limefaa. Mama aliyejifungua saa mbili zilizopita: pedi imelowa kwa dakika 15, mapigo 118, mfuko wa uzazi ni laini na umesogea kulia. Dalili ni hizo nne. Kusogea kulia kunaelekeza kwenye kibofu kilichojaa, ulaini unaelekeza kwenye mfuko usiokaza. Unaukanda mfuko, unatoa mkojo, oksitosini inaendelea. Kisha swali la tano linakuuliza dawa ya ziada, na ndani ya faili kuna mstari mmoja unaosema ana pumu: kaboprosti haifai. Au ana presha ya juu: methilergonovini haifai. Umeona mchezo? Mambo yanayoamua yamefichwa kwenye kichupo cha historia, ambacho mtu mwenye haraka hakifungui. Fungua vichupo vyote kabla ya swali la kwanza la kisa.

Alama zake nazo zijue, maana zinabadilisha namna ya kubahatisha. Katika maswali ya kuchagua yote yanayofaa unapata alama kwa kila sahihi na kukatwa kwa kila kosa, ingawa hushuki chini ya sifuri. Kwa hiyo weka alama pale tu ambapo una sababu ya kimatibabu. Usitie jibu la tano kwa kuwa manne yanaonekana machache. Lakini swali likitaja idadi, kwa mfano chagua matatu, hakuna kukatwa, jaza yote. Na pale ambapo sentensi inaunganisha jambo na sababu yake, viwili hivyo vinapata alama vikiwa sahihi pamoja. Ukipata kimoja tu, huna alama.

Ratiba. Miezi mitatu ni wiki 12, na wewe unakesha. Siku unayotoka usiku, usiguse maswali mapya. Unayasoma lakini hayakai, na alama zitakazotoka zitakuvunja moyo bure. Siku hiyo lala, halafu jioni rudia tu daftari lako la makosa. Siku za mapumziko fanya maswali 50 au 60 kwa kikao, yaliyochanganywa, kwa saa, bila kuangalia majibu katikati. Wiki mbili za kwanza tu ndizo za mada moja moja: kukabidhi kazi na dawa. Baada ya hapo changanya, kwa sababu mtihani hautakuambia kwamba swali linalofuata ni la dawa.

Muda wa kusoma maelezo ya majibu uwe mara mbili ya muda wa kuyajibu. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza kazi yote. Wanaangalia asilimia, wanafurahi au wananuna, wanaendelea. Kwa kila ulilokosa, na kwa kila ulilopata kwa kubahatisha, andika kwenye daftari sababu moja kati ya hizi: sikujua, nilisoma vibaya, nilijibu kama niko wadi yangu, nilikuwa nalo nikalibadilisha. Baada ya maswali 300 hesabu kila sababu. Kama "sikujua" ndiyo nyingi, rudi kwenye kitabu, mada hiyo tu. Ninavyoiona ripoti yako, ya tatu itashinda. Hiyo haitibiwi na kitabu. Inatibiwa na kuliona kosa lilelile mara ishirini hadi lipoteze nguvu. Kwa wiki 12 lenga maswali kati ya 2,000 na 2,500. Zaidi ya hapo ni kukimbia tu.

Wiki tatu za mwisho fanya mazoezi marefu, mawili ya maswali 85 na moja la 150, ukiwa umekaa mahali pasipo watoto wala stima ya kukatika. Maktaba ya Taifa pale Upper Hill inafaa kuliko meza ya jikoni. Mtihani una saa tano kwa jumla, mapumziko yakiwemo, yaani dakika mbili kwa swali ukifika 150. Unapewa nafasi ya kupumzika baada ya saa mbili, na nyingine baada ya saa tatu na nusu. Chukua ya kwanza hata kama hujachoka, kula kitu, rudi. Hakuna kurudi kwenye swali ulilopita, kwa hiyo zoea kuliacha likae lilipo.

Na zungumza na msimamizi wa wadi mapema kuhusu ratiba. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku juzi akaketi mtihanini saa mbili asubuhi anajibu saa ambayo mwili wake umezoea kulala. Omba likizo ya wiki moja na nusu kabla ya tarehe, uamke kila siku saa ile utakayofanya mtihani.

Darasa la mjini: lipia ikiwa mwalimu anachambua maswali mbele yenu, anakuuliza kwa nini ulichagua ulichochagua, na darasa ni dogo kiasi cha kufikiwa. Kama ni mtu anayesoma slaidi mbele ya watu sitini, pesa hizo zinunulie usajili wa benki nzuri ya maswali na bando za miezi mitatu. Na wale wanaouza "maswali yaliyotoka" kwenye WhatsApp, kimbia. Kila mtahiniwa hukubali masharti ya usiri kabla ya kuanza, kuvunja masharti hayo kunaweza kufutisha matokeo yako, na kwa mtihani unaobadilika kwa kila mtu karatasi ya mwenzako haikusaidii hata ikiwa ya kweli. Mara nyingi si ya kweli.

Kurudia kunaanza kwa bodi ya uuguzi ya jimbo la Marekani ulikoomba, kisha Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani: dola 200 za mtihani tena, na dola 150 za kupanga kituo nje ya Marekani pamoja na kodi. Lazima zipite siku 45 tangu jaribio lililopita, na bodi nyingine huongeza masharti yao, kwa hiyo soma ya bodi yako. Barua ya idhini ina tarehe ya mwisho, mara nyingi kama siku 90, na haiongezwi. Ikipita bila kufanya mtihani unaanza upya na kulipa upya. Basi usiombe leo ukiwa na mpango wa miezi mitatu. Omba ukiwa wiki ya nne au ya tano, na barua ikifika tu, shika tarehe siku hiyohiyo kabla nafasi hazijajaa.

Ikifika, isome jina herufi kwa herufi ukiwa na pasipoti mkononi. Kwetu jina moja huandikwa kwa namna tatu: kitambulisho kina majina matatu, cheti cha baraza kina mawili, pasipoti ina la ndoa, na Ng'ang'a au Achieng' amepoteza alama yake njiani. Lililo kwenye barua lazima lilingane na la pasipoti, la sivyo mlangoni utarudishwa na ada itapotea. Likitofautiana, andikia bodi na Pearson VUE siku hiyo, wala usingoje kueleza ukifika kituoni. Siku yenyewe fika nusu saa kabla, na kama ni lazima upite Jogoo Road au Thika Road asubuhi, ujihesabie saa mbili za njiani.